Anayeitwa Musyimi

Mama mkwe hatoki Kabati mpaka Kibwezi kwa kutembea tu. Muthoki alilijua hilo kabla hajamwona uso. Aliona kwanza kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa kikija polepole kando ya ua wa minyaa, kisha akaona kiondo, kisha akaona kwamba kiondo ni kitupu. Hapo ndipo akashtuka. Mama Kavindu hajawahi kuingia kwa mtu mkono mtupu tangu azaliwe. Hata msibani huenda na ndengu kidogo. Mtu wa namna hiyo akija na kiondo kinaning'inia kama titi la mbuzi mzee, ujue ameondoka kwake kwa haraka, na haraka ya mama mzee haijawahi kuleta heri.

"Wakya, mwana wakwa."

"Aaa, mwaitu, mama. Mbona hukupiga simu? Ningekuja kukungoja stendi."

"Ningepiga simu ungejitayarisha. Sikutaka ujitayarishe."

Muthoki aliacha vikombe kwenye beseni akajipangusa mikono kwa leso. Nyuma yake, ndani ya stoo ya vitunguu, gita la mumewe Ben lilikuwa linalia, linanyamaza, linalia tena. Wanyoike alikuwa anakaza ngozi za ngoma zake. Stoo ile waliikodi kwa sababu kuta zake ni nene, wakazipigilia magodoro na magunia ya katani mpaka ikawa studio. Harufu ya vitunguu haikutoka. Wanyoike alikuwa anasema albamu hii haihitaji nyimbo za huzuni, mtu akiingia tu analia bure.

Kelele za barabara ya Mombasa nazo hazikutoka. Walijifunza kurekodi kati ya lori na lori. Wanyoike anasikiliza mlangoni, anainua mkono, wanaanza. Lori likifunga breki pale mteremkoni, wanaacha, wanaanza upya. Wimbo mmoja waliweza kuurudia asubuhi nzima.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Vumbi la Yatta, bendi ya vijana ambayo watu waliicheka mwanzoni, Mkamba na muziki wa roki wapi na wapi. Halafu albamu ya kwanza ikatoka na kicheko kikaisha. Ben anaimba, Muthoki anamjibu. Ben anauliza, Muthoki anakataa, kisha anakubali kwa sauti ndogo ambayo wasichana wa Kitui na Makueni waliiga mbele ya vioo vyao. Haikuwa maigizo. Walipendana wakirekodi, na mtu mwenye masikio alisikia. Kabla nyimbo zile hazijazeeka redioni, mbuzi wa ntheo, wale wa kuposea, walikuwa wamefika kwa akina Muthoki kule Kanyangi, na Muthoki akawa mke wa boma la Kabati.

"Albamu ya kwanza ni ya wageni," Ben alipenda kusema. "Ya pili ndiyo ya wenyeji." Na ya pili sasa ilikuwa imekamilika. Ilibaki kutumwa tu kwa watu wa kuisambaza, wiki hiyo hiyo.

Mama Kavindu alikataa kuingia ndani. Alikaa kivulini juu ya kreti la vitunguu, akaomba maji, akayashika bila kuyanywa.

"Kuna wimbo Kanini aliletewa na kaka yake kwa simu," alisema. Kanini ni dada mdogo wa Ben, bado yuko nyumbani. "Nani anaimba pale?"

"Ni mimi, mwaitu."

"Unamwita nani?"

Muthoki akaangalia chini.

"Nimekuuliza, Muthoki. Unamwita nani?"

"Mtoto."

"Mtoto yupi?"

Jamani, swali hilo. Muthoki alihisi kifua kikijaa kama siku zile maziwa yalipokuja na hakukuwa na wa kuyanyonya.

Alizaliwa Jumanne jioni, mvulana, ana nywele nyingi. Alhamisi alfajiri akaenda zake. Kwao, mtoto hupewa jina siku ya tatu. Kabla ya hapo ni mgeni tu, bado ni wa kule alikotoka, na mgeni hatajwi. Wachungaji wamekuja, watu wameokoka, lakini nyanya wa huko bado husubiri siku ya tatu ndipo wafungue mdomo. Huyu aliondoka kabla jua la siku hiyo halijachomoza. Angekuwa Musyimi, kwa sababu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu yake mzaa baba, na baba yake Ben ni Musyimi. Kila mtu alilijua jina. Hakuna aliyelisema. Akina mama wazee wakamfunga, wakaenda naye nyuma ya boma, wakarudi wamenawa mikono. Mama mtu haonyeshwi mahali.

Ben ndiye aliyelisema. Aliliandikia wimbo, akampa mkewe auimbe. Musyimi, rudi nyumbani. Na Muthoki, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa hajafungua mdomo mbele ya kipaza sauti, aliposoma maneno yale alisimama akauimba mara moja tu. Hata lori lililopiga honi mwishoni hawakulifuta.

"Mwanangu," Mama Kavindu alisema, "mimi nimeokoka kabla wewe hujazaliwa. Sikuja kukuletea habari za mapepo. Nimekuja kukuambia nilichokiona kwa macho haya. Kanini alifungua huo wimbo jikoni. Mzee alikuwa nje anatia mpini jembe. Uliposema lile jina, akaliweka jembe chini. Akasema, naam, naja."

"Alidhani anaitwa?"

"Tulicheka. Yeye mwenyewe alicheka. Alienda mpaka langoni, akarudi, akasema mke wa Ben atamuua kwa kumtembeza bure. Kesho yake Kanini hakufungua simu. Hakuna wimbo. Saa ile ile, jua likishuka, mzee akainua kichwa. Naam, naja."

Upepo ulipita ukainua vumbi jekundu, ukaliacha. Ndani ya stoo gita lilikuwa limenyamaza.

"Siku hizi hangoji kuitwa. Jioni ikikaribia anaomba maji, anaosha miguu, anavaa koti la kanisani, anaenda kusimama langoni. Ukimuuliza anasema kuna mtu anamwita, na haingii kwa sababu ana haya. Juzi tulimkosa langoni. Tukamkuta mtoni, kwenye mchanga, amekaa vizuri kama mtu aliyefika harusini mapema. Ati anangoja."

"Na daktari, mwaitu?"

"Alipimwa Kitui. Presha yake ni nzuri kuliko yangu. Mchungaji alikuja, akaomba, na amina ya mzee ilikuwa kubwa kuliko zetu zote. Halafu ikafika saa, akaosha miguu." Mama Kavindu aliweka maji chini. "Mchana ni yule yule. Anagombana na mbuzi wake, anamdanganya jirani kwenye mchezo wa bao. Ni hiyo saa moja tu."

"Unataka nifanye nini?"

"Toa jina. Wimbo uache. Sauti yako nzuri, hata mimi nililia. Lakini jina litoke kabla hamjalitawanya nchi nzima. Hakuna Musyimi mwingine katika boma letu ila yule mmoja. Ukiita Musyimi, unataka aitike nani?"

Muthoki alikunja ncha ya leso.

"Na wewe ni mke wa boma, hukufunzwa? Mke hamtaji baba mkwe. Hata yule mdogo angeishi, ungemwita baba, ukamnyonyesha ukimwita baba. Ulilitoa wapi jina lile mdomoni mwako?"

Alisema bila ukali. Hilo ndilo lililomuumiza Muthoki zaidi. Angefokewa angepata pa kushika.

Ben akatokea mlangoni, mrefu, shati limemganda mgongoni. Alipomwona mama yake uso wake wote ulifunguka. "Mwaitu! Umekuja kutusikiliza!"

Mama Kavindu alimshika shavu, akamwangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayeangalia shamba analotaka kuuza. "Umekonda," alisema. "Mke wako atakuambia. Mimi naenda, kuna mtu wa kumlinda jioni."

Hakukubali hata kusindikizwa.

* * *

"Hapana," Ben alisema.

"Bado sijamaliza kuongea."

"Umemaliza. Unataka nitoe jina. Hapana."

Wanyoike, ambaye wazazi wake walihamia Kibwezi kutoka Murang'a na ambaye hakujua aangalie wapi mume na mke wakigombana, alikuna kichwa kwa kijiti cha ngoma. "Manze, mimi naenda kuangalia kama lori zimepungua."

"Kaa, Wanyoike," Muthoki alisema. "Sema wewe. Jina haliwezi kutoka?"

"Kutoka linatoka. Ni kazi ya asubuhi moja, shemeji. Unaimba pale pale, unaweka neno lingine. 'Mpenzi, rudi nyumbani.' 'Mvua, rudi nyumbani.' Ngoma yangu haijali unaita nani." Akamwangalia Ben, akajuta. "Lakini mimi si mtu wa kwenu. Naenda kuangalia lori."

Wakabaki wawili. Mwanga ulipita kwenye matundu ya mabati ukadondoka sakafuni kama mchele uliomwagika. Ben alikuwa amesimama na gita lake shingoni, na Muthoki akamwona kama alivyomwona siku ya kwanza, yule kijana aliyekuwa anafunga macho akipiga ili asione watu wanaomcheka. Alimpenda. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Mtu usiyempenda unamgombeza ukaenda kulala.

"Ni baba yako, Ben."

"Baba ana miaka sabini na kitu. Wazee husikia vitu. Babu yangu alikuwa anasalimia mashine ya kusaga."

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Unataka tuamini kwamba wimbo unamwita mtu? Basi tuache muziki, turudi Kanyangi tupande mtama."

"Mama yako ametoka Kabati na kiondo kitupu."

Ben akazishika nyuzi za gita zisilie. Na yeye alijua maana yake.

"Ben, nisikilize. Tutamwimba mtoto. Sijasema tusimwimbe. Tumwite kitu kingine."

"Kama nini?"

"Sijui. Mgeni."

"Mgeni." Alilirudia kama mtu aliyeng'ata jiwe kwenye maharagwe. "Wewe ulimshika, Muthoki. Ulimshika tangu Jumanne mpaka Alhamisi. Ulijua ana nywele. Ulijua anapiga chafya. Mimi nilikuwa nje ya wodi kwenye benchi, naambiwa ngoja, baba utaingia, ngoja. Nilipoingia kitanda kilikuwa kimetandikwa. Nikauliza yuko wapi mtoto wangu, mama akaniambia hakuna cha kuona, nenda nyumbani. Nikaenda nyumbani! Kama mtu aliyetumwa sukari akakuta duka limefungwa. Nyinyi mna uso wake. Mama ana mahali alipolala. Mimi nina jina. Hilo tu. Sasa mnataka na hilo."

Muthoki alimwendea. Alimvua gita shingoni polepole kama unavyomtua mtu mzigo, akaliegemeza ukutani. Akamshika uso kwa mikono miwili iliyonuka sabuni na vitunguu. Walikaa hivyo, paji kwa paji. Tangu Alhamisi ile walikuwa hawajakaribiana hivyo. Alihisi pumzi yake, moto, ya haraka, na moyo wake mwenyewe ukamsaliti, ukataka kusema sawa, liache, lisambae, ulimwengu wote ujue alikuwepo.

Kwa sababu na yeye alilipenda. Huo ndio ulikuwa ukweli ambao hakumwambia Mama Kavindu. Siku ile aliyouimba, alipofika kwenye jina, alihisi kitu chepesi kikigeuka upande wake, kama mtoto anavyogeuza kichwa akisikia mama. Alifurahi. Sasa alipokumbuka furaha ile, aliogopa.

"Baba yako yuko hai," alisema taratibu. "Yule mwingine tulishampoteza. Ben wangu, nakuomba. Kwa mapenzi yetu, kama bado yapo."

"Yapo."

"Basi toa jina. Halafu kesho twende Kabati, mimi na wewe, tukamwombe mzee msamaha kwa mdomo wetu."

Ben alifunga macho. Nje Wanyoike aliita kwamba barabara imetulia, kama kuna mtu anataka kurekodi ni sasa.

"Nimekusikia," Ben alisema, akambusu kwenye nywele.

Alikaa na Wanyoike mbele ya kompyuta mpaka jua likaelekea vilima vya Chyulu, na Muthoki aliyekuwa anachambua mboga alimwona kupitia mlango, mgongo umepinda, ametulia. Hakuitwa kuimba neno jipya. Alijiambia pengine wamelikata tu, pengine pale pa jina pamebaki gita. Akajiambia hivyo akachambua mboga zote, hata zile mbovu.

* * *

Mzee Musyimi aliwapokea kwa kelele. Alikuwa amekaa mbele ya nyumba na kisu kidogo, anachonga kijiko, na kama hangekuwa amekonda vile ungesema Mama Kavindu alizua.

"Karibu, karibu! Watu wa gita! Kanini, leta kiti cha mwimbaji, huyu wa kiume akae kwenye jiwe, ametoka kwangu, sina cha kumficha." Akacheka na meno yake machache. "Muthoki, huyu anakulisha? Ama mnakula nyimbo?"

"Ananilisha, baba."

"Anakulisha vitunguu, nasikia hapa nilipo."

Wakacheka wote, hata Mama Kavindu aliyekuwa mlangoni. Kwa muda mfupi boma lilikuwa boma tu, kuku, moshi, nguo uani. Ben alikaa kwenye jiwe akachora vumbi kwa kidole. Tangu asubuhi alikuwa hajamtazama mkewe machoni.

Muthoki alishuka kwenye kiti, akapiga magoti kando ya mzee. "Baba, nimekuja kuomba msamaha. Yule aliyekuwa anaita kwenye simu ya Kanini ni mimi. Nilitaja nisichopaswa kutaja."

"Najua ni wewe. Sauti yako si naijua? Sikukasirika." Mzee alipuliza vumbi la mti kwenye kijiko. "Lakini wewe uliita mara moja. Anayeendelea si wewe."

Mama Kavindu alijifunika uso kwa shuka.

"Ni nani, baba?" Muthoki aliuliza, na alijuta kuuliza.

"Ni mdogo. Sauti bado changa, haijui hata kuvuta maneno. Mara ya kwanza alikuwa mbali, huko ng'ambo ya mto. Sasa amefika hapo kwa mnyaa." Alinyoosha kisu kuelekea langoni, vile mtu anavyokuonyesha mahali mbuzi wake wanapopita. "Si mtu mbaya. Ana shida moja tu. Alipewa jina na lina mwenyewe. Tumeongea, mimi na yeye. Jina moja haliwezi kukaliwa na watu wawili, kama vile kiti hiki. Mmoja lazima ainuke."

"Usiinuke wewe!" Muthoki alisema kwa nguvu mpaka kuku wakatawanyika.

"Mwanangu, mimi nimekikalia muda mrefu."

"Baba, tumelitoa. Jina halipo tena kwenye wimbo. Ben amelitoa jana, hutaitwa tena na mtu yeyote. Sivyo, Ben? Mwambie."

Ben aliendelea kuchora vumbi.

"Ben. Mwambie baba."

Jua lilikuwa limegusa vilima. Mzee alimwomba Kanini maji ya kuosha miguu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chai. Na Kanini, akipita na karai, alisema akitabasamu, maskini, kwa sababu alikuwa jikoni na hakusikia lolote: "Kaka, si ni saa hii? Nimewaambia watu wote wafungue redio. Hata pale posho mill wanaposaga unga wamefungua."

"Redio gani?" Muthoki aliuliza.

Ikamjibu redio yenyewe. Mtangazaji wa Kikamba, mwenye furaha kupita kiasi, alisema leo ndiyo leo, watoto wa nyumbani wamerudi, Vumbi la Yatta, albamu ya pili, inaitwa Siku ya Tatu, na wimbo wa kutangulia wameutuma jana jioni ukiwa bado moto. Ngoma ya Wanyoike ikaingia, nzito, polepole, kama mtu anayetembea na mzigo. Kisha gita. Kisha yeye mwenyewe.

Musyimi, rudi nyumbani.

"Zima!" Muthoki alipiga kelele. "Kanini, zima!"

Kanini alikimbia jikoni akazima. Wimbo haukukatika. Uliendelea kwa jirani wa juu, ukaendelea kwa jirani wa chini, ukaendelea posho mill na dukani na kwenye simu ya mtu aliyekuwa anapita barabarani na ng'ombe. Kabati nzima ilikuwa imefungua redio kumsikia mtoto wao. Ilikuwa sifa. Watu walikuwa wamesimama milangoni wakitabasamu kuelekea boma la Mzee Musyimi.

"Naam," mzee alisema. "Naja."

Akaacha kijiko kikaanguka, akainuka. Hakungoja koti. Muthoki alimrukia akamshika mkono kwa mikono miwili, na nguvu aliyoikuta kwenye mkono ule mkavu haikuwa ya mzee.

"Ben!"

Ben alikuwa amesimama, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. "Sikuweza. Muthoki, nilijaribu, Mungu anaona. Wanyoike aliweka kila kitu tayari, nikaweka kidole pale, bonyeza tu, jina linafutika. Nikaona ni mimi tena kwenye lile benchi. Safari hii ni mimi ninayesema hakuna cha kuona."

"Ulisema umenisikia!"

"Nilikusikia."

"Ukaniacha niseme uongo mbele ya baba yako, nimepiga magoti!"

"Nilidhani ni umri tu. Nilidhani..."

"Hukudhani. Uliogopa kumwacha mtoto. Hata mimi naogopa, Ben! Unafikiri wewe ndiye uliyefiwa peke yako?"

Mzee alivuta, kwa adabu, kama mtu asiyetaka kuonekana mkorofi. "Mwanangu, niachie kidogo. Kuna mtu ananiita."

Walikuwa wamefika katikati ya uwanja. Mama Kavindu alikuwa amemshika mumewe kiunoni, midomo yake inaomba bila sauti. Wimbo ulikuwa unapanda sasa, ile sehemu ambayo Muthoki aliiimba akiwa amefunga macho, na sauti yake ikaja kutoka nyumba zote kwa pamoja, tamu, yenye kusihi, sauti ambayo hata yeye asingeweza kuikatalia. Alikuwa anashindana na nafsi yake mwenyewe, na ile ya redioni haikuwa inachoka.

Basi alifanya jambo ambalo mke wa boma hafanyi. Aliweka mdomo sikioni mwa mzee akamwita. Si kwa wimbo. Kwa sauti ya mtu anayemwita mtu aliye karibu, kama unavyomwita aje kula.

"Musyimi."

Mama Kavindu alishtuka. Mzee alisimama. Aligeuza kichwa taratibu, kutoka langoni mpaka kwenye uso wa Muthoki, akamtazama kama anayemtafuta kwenye giza.

"Niko hapa upande huu," Muthoki alisema. "Musyimi, mume wa Kavindu, baba wa Ben na Kanini. Wewe ndiye. Nakuita wewe, kaa chini."

Mzee alitii. Akakaa pale pale vumbini, na wanawake wawili wakakaa naye, mmoja kila upande. Honi ya lori la Kibwezi ikalia mwishoni mwa wimbo, kutoka nyumba hii mpaka ile, halafu kimya.

Ben alikuja nyuma ya mkewe akamwekea mkono begani. Mkono ule Muthoki aliujua kuliko wake. Kwa mwili wote alitaka kuuegemea.

"Toka, Ben," alisema bila kugeuka.

"Muthoki."

"Rudi Kibwezi. Albamu yako inatoka, watu watakutafuta. Mimi nabaki hapa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aache kuitika."

"Na sisi?"

Muthoki alifunga macho. Alijua jibu analotaka kutoa, na alijua kwamba akilitoa, vidole vyake vitalegea.

"Nikikushika wewe siwezi kumshika yeye," alisema. "Nenda."

Alisikia hatua zake zikienda, zikisimama, zikienda tena. Alisikia lango. Hakumtazama.

Kwa jirani mtangazaji alikuwa anacheka. Simu zinaingia kwa wingi, alisema, Kitui mpaka Makueni, watu wanalia, watu wanaomba, hajawahi kuona hivi tangu aanze kazi. Wanasema urudiwe. Basi tutawanyima vipi? Turudie.

Ngoma ikaanza. Muthoki alikaza mikono yote miwili, akainama sikioni mwa mzee, lakini mzee alikuwa ameshaanza kuinuka.